Nyumba ya kwanza kuwashwa umeme wa maji, mbona ndani ina giza? Jibu kwa anayempeleka mama yake Cragside

*"Shikamoo mwalimu. Naishi Gateshead na mume wangu na watoto wawili. Mwaka jana mwezi wa nane tulikwenda Cragside, ile nyumba ya tajiri Armstrong ya enzi za Malkia Victoria. Tuliambiwa ndiyo nyumba ya kwanza duniani kuwashwa umeme wa maji, lakini ndani tulikuta giza, mapazia yameshushwa nusu, baridi, na mwanangu akakatazwa kugusa kiti. Tulifuata maua, tukakuta majani matupu. Mume wangu naye akasema haoni sababu ya kulipa kiingilio kwenda kumsifu mtu aliyetajirika kwa kuuza mizinga. Sasa mama yangu anakuja kutoka Lushoto mwishoni mwa mwezi wa tano. Ana miaka 71, magoti yanamsumbua, ana kisukari, na anapenda bustani kuliko kitu chochote. Je, nimpeleke huko au nitampotezea siku? Na kwa nini wasiwashe taa?"*

Marahaba, mwanangu. Jibu fupi ni kwamba mpeleke, ila msiende kama mlivyokwenda mwaka jana. Safari hii anzeni na bustani, nyumba ifuate, na sehemu nyingine za bustani mama azione akiwa amekaa kwenye gari. Mwezi wa tano mwishoni ni wakati mzuri kuliko mwezi wa nane, tena kwa mbali sana. Mengine uliyolalamikia, giza, baridi, makatazo, yana sababu zake, na mtu akizijua kabla ya kuingia nyumba ile humfungukia. Kazi yangu ni kuhifadhi vitu vya kale vya majumbani, kwa hiyo uniwie radhi nikikaa sana kwenye giza. Ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo linalojibiwa vibaya kuliko yote.

Wengi hudhani wenye nyumba wanabana bili ya umeme. Wengine hudhani wanaigiza uzamani. Sababu hasa ni kwamba mwanga unaharibu vitu, na uharibifu wake haurudi nyuma. Mama yako analijua hili bila kufundishwa na mtu: khanga inayoanikwa kila siku kwenye jua kali hupauka, na hakuna sabuni wala dawa itakayorudisha rangi ile. Kinachotokea ni kwamba chembe za rangi hupokea nguvu ya mwanga na kuvunjika, na nyuzi zenyewe hudhoofika pamoja nazo. Hariri ndiyo inayoumia haraka zaidi. Pazia la hariri lililokaa dirishani miaka mia moja linaweza kuonekana zima kwa mbali, lakini ukiligusa linachanika kama karatasi iliyoungua.

Jambo ambalo watu hawalitarajii ni kwamba madhara hayo yanajumlishwa. Kitambaa hakipumziki usiku kikapata nafuu. Saa moja chini ya mwanga mkali ni sawa na saa mbili chini ya mwanga wa nusu yake, na kila saa inaongezwa kwenye hesabu ya zilizotangulia. Ndiyo maana wahifadhi tunapima mwanga kwa luksi, na tunahesabu luksi hizo kwa saa. Nje, jua la mchana likiwa wazi linaweza kufika luksi 100,000. Kwa vitu dhaifu kama hariri, picha za rangi ya maji na vitambaa vilivyotiwa rangi za mimea, tunajaribu kubaki kwenye luksi 50 hivi. Kwa picha za mafuta na samani za mbao tunaruhusu hadi luksi 200.

Hebu tupige hesabu pamoja. Kiwango kinachotumika sana katika majumba ya National Trust, shirika linalohifadhi majumba ya kale Uingereza, Cragside ikiwemo, ni luksi-saa 150,000 kwa mwaka kwa vitu dhaifu. Chumba kikiwa na luksi 50, unaweza kukiacha wazi saa 3,000, yaani karibu saa nane kila siku mwaka mzima. Fungua mapazia yote, karibu na dirisha ufike luksi 1,000, na mgao wa mwaka mzima utakuwa umekwisha kwa saa 150. Hizo hazifiki wiki tatu. Yule mtu wa kujitolea uliyemwona akishusha pazia wakati jua limetoka kwenye mawingu alikuwa analinda mgao huo, ili wajukuu zako nao wakute rangi.

Utasema basi waweke taa za LED, hizo hazina ile miale ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho. Kweli, hazina kwa kiwango cha kutisha, na vioo vya madirisha ya majumba haya kwa kawaida hubandikwa utando wa kuzuia miale hiyo. Lakini hata mwanga unaoonekana kwa macho unaharibu. LED zinapunguza tatizo, haziliondoi. Kuhusu flashi ya kamera, hapo watu wametiwa hofu kupita kiasi: mmweko mmoja unadumu sehemu ndogo mno ya sekunde, na madhara yake kwa kitambaa ni madogo sana ukilinganisha na dirisha lililo wazi. Inakatazwa zaidi kwa sababu inasumbua wengine na inapiga macho yaliyokwisha kuzoea mwanga hafifu. Piga picha na simu yako, ila uizime flashi.

Ukitaka kuona kwa macho yako mwanga unavyokula rangi, katika jumba lolote la kale tafuta pazia zito lenye mikunjo. Usiliguse, inama tu kidogo uangalie ndani kabisa ya mkunjo, mahali ambapo jua halifiki. Mara nyingi utaona mstari wa rangi iliyoshiba, nyekundu ya damu au kijani kibichi, pembeni ya kitambaa ambacho sasa ni cha rangi ya udongo. Mstari ule ndiyo rangi ya chumba kizima siku familia ilipohamia. Mimi mtoto akinielewa hapo huwa sihitaji tena kumwambia asiguse.

Sasa nyumba yenyewe, maana nahisi hamkupata wa kuwasimulia vizuri. William Armstrong alizaliwa Newcastle mwaka 1810, akasomea sheria na kuwa wakili, lakini moyo wake ulikuwa kwenye maji. Aliona jinsi maji yanayoteremka kutoka mlimani yanavyopoteza nguvu bure, akabuni winchi za kuinua mizigo kwa nguvu ya maji yaliyobanwa, na mwaka 1847 akaanzisha kiwanda cha Elswick kando ya mto Tyne. Lile daraja la kuzunguka la Newcastle, la mwaka 1876, ambalo bila shaka mnalivuka au kulitazama kutoka Gateshead, lilijengwa na kampuni yake. Mwaka 1863 alianza kujenga nyumba ndogo ya mapumziko kwenye jabali karibu na Rothbury. Kuanzia mwaka 1869 hivi msanifu Richard Norman Shaw akaikuza, kipande baada ya kipande, hadi ikawa kasri lenye minara na mapaa yaliyopandana unaloliona leo.

Umeme ulikuja mwaka 1878. Armstrong aliziba kijito cha Debdon akapata bwawa, akaweka turbini na dainamo, akavuta waya hadi kwenye chumba cha picha, akawasha taa moja ya tao la umeme, yaani cheche kali inayoruka kati ya vijiti viwili vya kaboni. Taa za namna hiyo zilikuwa kali mno na zenye kelele, hazikufaa sebuleni. Mwaka 1880 ndipo alipofunga glopu za rafiki yake Joseph Swan, ambaye wakati huo aliishi huko huko Gateshead mnakoishi ninyi. Mkiingia maktaba, vitafuteni, wanangu, vile vyombo vya shaba vilivyonakshiwa enameli, ambavyo juu yake zilisimamishwa taa. Armstrong hakuwa na swichi kama zetu. Umeme ulipita kwenye mwili wa chombo, na kitako chake kilikaa kwenye kikombe kidogo chenye zebaki, kimiminika kinachopitisha umeme. Ukitaka kuzima taa, unainua chombo. Ukitaka kuwasha, unakirudisha. Mtoto akisimuliwa hivyo mbele ya chombo chenyewe, hasahau.

Kwa hiyo hata wakati Armstrong akiwa hai, nyumba ile haikumeremeta kama sebule zetu za leo. Glopu zake zilitoa mwanga mwekundu mwekundu na dhaifu. Tena watumishi wa enzi za Victoria walishusha mapazia jua likiwaka na kufunika viti kwa mashuka familia ikisafiri, kwa sababu ileile ya wahifadhi wa leo. Tabia ya kuacha nyumba ikioga jua kutwa nzima ni yetu sisi wa siku hizi.

Kuna jambo jingine kuhusu giza ambalo linamhusu mama moja kwa moja. Jicho linahitaji dakika kadhaa kuzoea kutoka kwenye jua la nje hadi chumba cha luksi 50, na jicho la mtu wa miaka 71 linachelewa zaidi na linapokea mwanga kidogo zaidi kuliko la kwako. Msimkimbize. Mkiingia, mwombeeni kiti pale mlangoni, akae dakika tano au kumi kabla ya kuendelea. Muulize mhudumu kiti gani kinaruhusiwa, kwa kawaida vipo vya wageni na vimewekewa alama. Na hapa naomba unisikilize vizuri: kama mama anashindwa kuona ngazi kwenye mwanga hafifu hata nyumbani, au anaona ukungu, au vitu vyeusi vinaelea mbele ya macho, hilo usiliweke kwenye fungu la uzee. Kisukari huharibu mishipa midogo ya nyuma ya jicho, na mtoto wa jicho naye huanza kwa kupunguza mwanga. Kabla hajasafiri, akapimwe macho hospitali huko nyumbani, apanuliwe mboni, nyuma ya jicho paangaliwe. Hilo ni muhimu kuliko Cragside.

Baridi na kugusa nitavipitia haraka. Mbao hunywa unyevu wa hewani na kuutoa, na kila mara huvimba na kusinyaa. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, kuvu na wadudu hushamiri. Ikikauka, makabati hupasuka na rangi za picha huanza kubanduka. Wahifadhi hutaka unyevu ubaki kati ya asilimia 50 na 65 hivi, kwa hiyo vipasha joto vya majumba haya mara nyingi huongozwa na kipimo cha unyevu. Havimfuati mgeni anavyojisikia. Matokeo yake nyumba inakuwa ya ubaridi hata katika mwezi wa tano. Mama aje na sweta na mtandio mzito. Kuhusu kugusa, vidole vina chumvi na mafuta, na mguso wa mtu mmoja si kitu, ila wageni ni maelfu kwa maelfu. Kiti alichotaka kukigusa mwanao kingeguswa mahali palepale na kila mtoto anayepita. Mkoba wa mgongoni nao ushikwe mkononi au uvaliwe kifuani, maana hugonga vitu mtu akigeuka.

Sasa maua, ambayo ndiyo hasa anayoyafuata mama.

Hamkuona maua mwezi wa nane kwa sababu Cragside ni bustani ya rododendroni na azalea, vichaka vya maua makubwa, na kaskazini kule hizo huchanua kuanzia mwishoni mwa mwezi wa tano hadi katikati ya mwezi wa sita. Kufikia mwezi wa saba zimekwisha. Macho ya maua ya mwaka ujao hujengwa kiangazi cha mwaka huu, hulala majira yote ya baridi yamefungwa kwenye magamba yake, kisha husubiri joto. Mkiangalia vizuri, mwezi wa nane mlikuwa mnayatazama maua ya mwaka huu bila kujua: ile ncha nene ya tawi, iliyovimba kuliko ncha ya jani, ndiyo ua lenyewe. Kinachoweza kuharibu mpango ni baridi kali ya usiku ikija macho yakiwa yameanza kufunguka. Hakuna anayeweza kukuahidi siku ya kilele, kwa hiyo mpigie simu mtu wa mapokezi wiki mama atakayofika umuulize swali moja tu: rododendroni zimefikia wapi kando ya barabara ya magari ya farasi?

Barabara hiyo ndiyo dawa ya magoti ya mama. Armstrong aliitengeneza ili wageni wake wazunguke shamba wakiwa wameketi, na ina urefu wa maili 6, takriban kilomita 10, kupitia msitu na kandokando ya maziwa aliyoyatengeneza. Leo wageni huizunguka kwa magari yao wenyewe, na yapo maeneo ya kusimama njiani. Katika wiki nzuri, rododendroni husimama kama ukuta pande zote mbili, zambarau, nyeupe, waridi, juu kupita paa la gari. Endesha polepole, fungua vioo, na mruhusu mama asimamishe gari kila anapotaka. Ulizia kabla kama barabara iko wazi siku hiyo, kwa kuwa huwa inafungwa kwa ajili ya upepo mkali au kukata miti. Dhoruba Arwen ya Novemba 2021 iliangusha miti mingi sana katika eneo lile, na bado kuna sehemu utaona mapengo.

Kinyume chake, bustani ya mawe iliyo chini ya nyumba usimpeleke, hata akisema anaweza. Ni mojawapo ya bustani kubwa za namna hiyo barani Ulaya, na inapendeza kwelikweli, lakini ngazi zake ni mawe yaliyopangwa kwa mkono kwenye mteremko mkali, hazilingani kimo, na mvua ikinyesha zinateleza. Kushuka ndiko kunakoumiza goti kuliko kupanda. Akae juu, kwenye usawa wa nyumba, atazame bonde na lile daraja la chuma juu ya kijito. Wewe na watoto mshuke, mmwachie mume wako amshindie mama gumzo. Miti mirefu ile ya chini ni misonobari ya aina nyingi, na mingi asili yake ni Amerika ya Kaskazini. Mbegu za msonobari wa Douglas zilifika Uingereza mwaka 1827, zimetumwa na mtafuta mimea David Douglas. Miti inayofika juu vile leo, Armstrong na mkewe Margaret hawakuiona ikiwa mikubwa. Walipanda kwa ajili ya watu ambao hawakuwajua, na wao wenyewe hawakujaliwa watoto. Nyumba ilirithiwa na mjukuu wa dada yake Armstrong, ikabaki mikononi mwa ukoo huo hadi mwaka 1977 ilipokabidhiwa National Trust.

Sehemu ya tatu ya bustani ambayo wageni wengi huikosa iko upande wa pili wa bonde, mbali na nyumba: bustani rasmi, yenye vitanda vya maua vilivyopangwa kama zulia, na nyumba ya vioo ya kuoteshea matunda. Mama yako, kama mkulima wa Lushoto anayejua pichisi na plamu, ataifurahia kuliko nyumba nzima. Vile vyungu vikubwa vya miti ya matunda vimewekwa juu ya mitambo ya kuzunguka, ili mtunza bustani auzungushe mti na kila upande wa tunda upate jua sawasawa. Nchi yenye jua dogo inalazimisha akili ya namna hiyo. Muulizeni mtunza bustani awaonyeshe unavyozungushwa.

Mwambie mama na hili, akiwa amekaa kwenye gari. Enzi hizohizo watu wa Ulaya walipokuwa wakikusanya mimea kutoka kila pembe ya dunia, milima ya Usambara ya kwao Lushoto ilikuwa ndani ya mkusanyiko huo. Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, alichuma ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli, akalipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi, Saintpaulia. Leo liko kwenye madirisha ya jikoni dunia nzima, na wengi wanaolimwagilia hawajui Usambara iko wapi. Sisemi kwamba mtalikuta Cragside. Nasema tu kwamba mama yako haingii kwenye historia ya bustani hizi kama mgeni mtupu.

Na mkumbuke upande wa pili wa urembo huo. Aina moja ya rododendroni, ile ya zambarau inayoitwa ponticum, imetoroka bustanini ikavamia misitu ya Uingereza, inafunika ardhi hadi mimea ya asili inakosa mwanga, na inabeba ugonjwa unaoua miti mingine. Watunza bustani wa leo wana kazi ngumu ya kuamua ipi wabaki nayo kwa ajili ya historia na ipi waing'oe. Watu wa Lushoto wanaoijua lantana, nayo iliyoletwa Afrika kama ua la kupendeza, watawaelewa mara moja. Majani na maua ya rododendroni yana sumu pia, watoto wasitie mdomoni.

Kwa mume wako sitajaribu kumshinda kwa hoja, kwa sababu alichosema ni kweli. Kiwanda cha Elswick kilitengeneza mizinga, na baadaye meli za kivita. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kiliuzia pande zote mbili. Wageni waliolala Cragside, akiwemo Shah wa Uajemi mwaka 1889 na mwanasiasa wa China Li Hongzhang mwaka 1896, hawakufuata rododendroni peke yake. Meza ile ya chakula ilikuwa pia meza ya biashara ya silaha. Mtu akikusimulia taa na lifti za maji bila kukutajia mizinga, amekupa nusu ya habari.

Ninachopingana naye ni kudhani kwamba kwenda kutazama ni kusifu. National Trust yenyewe mwaka 2020 ilitoa taarifa iliyotaja majumba yake 93 yenye uhusiano na utumwa au ukoloni. Watu wengi Uingereza walikasirika, lakini taarifa ilitoka, na ikafungua mlango wa kuuliza maswali vyumbani. Nendeni mkaulize. Mwulize mhudumu wa chumba cha chakula: fedha za kujenga hapa zilitoka wapi, na nani alilipa kwa maisha yake? Nimewaona wahudumu wakifurahi kuulizwa hivyo, kwa kuwa wanajua mengi na wamechoka kuulizwa choo kiko wapi. Kama baada ya hayo mume wako bado hataki kuingia, na abaki nje na watoto karibu na ziwa la Tumbleton. Pale kuna parafujo kubwa la chuma la urefu wa mita 17, lililowekwa mwaka 2014, linalogeuzwa na maji yanayoshuka na kuzalisha umeme kwa ajili ya nyumba. Watoto wa umri wowote watasimama hapo nusu saa.

Nikupe na njia mbadala, ili uamue kwa uhuru. Kama mkipiga simu mkaambiwa maua bado, au mama akafika amechoka na safari, nendeni Wallington, si mbali na Morpeth. Nyumba ni ya zamani zaidi, lakini ukumbi wake wa kati ulifunikwa paa na kupambwa enzi za Victoria, na unapata mwanga kutoka juu, kwa hiyo hauna lile giza lililowakera. Kwenye kuta kuna michoro mikubwa ya William Bell Scott ya historia ya Northumberland, na mmoja wake unaonyesha wafua vyuma wa Tyneside wakiinua nyundo. Bustani yake iliyozungushiwa ukuta ina maua kwa kipindi kirefu zaidi cha mwaka. Haina miamba wala maajabu ya maji, na ukiniuliza mimi haina moyo wa Cragside, lakini kwa mtu mwenye magoti mabovu na siku moja tu ni chaguo la heshima.

Mkiamua Cragside, pigeni simu kama wiki moja kabla. Rothbury haina tena treni, na barabara kutoka Newcastle ni takriban maili 30, kwa hiyo gari lenu ndilo usafiri wa maana. Waulize mambo haya: gari linaweza kumshusha mama karibu kiasi gani na mlango wa nyumba, kuna usafiri wa ndani kwa wasioweza kutembea, ngazi ni ngapi kufika vyumba vya juu na kama kuna njia ya kuzikwepa, na kama wana kiti cha magurudumu cha kuazima. Mtu anayemsaidia mwenye ulemavu huwa halipi kiingilio, kwa hiyo kama mama anahitaji mkono wa kushikilia kila hatua, liulizie na hilo bila kuona haya.

Chakula hakiruhusiwi ndani ya nyumba, kwa sababu makombo huita wadudu na wadudu hula sufu. Kwa mwenye kisukari hilo linahitaji kupangwa. Ale vizuri kabla ya kuingia, msikae ndani zaidi ya saa moja na nusu, na awe na pipi ya glukosi mfukoni. Akihisi kutetemeka au jasho la ghafla, mwambieni mhudumu aliye karibu na mama ale hapohapo. Hakuna mhifadhi mwenye akili timamu atakayemkatalia. Dawa zake, zikiwemo sindano kama anatumia, zibaki kwenye mkoba wake, zisiachwe kwenye gari lenye joto. Na viatu viwe vya soli ya mpira, vilivyokwisha kuzoea mguu. Kisukari hupunguza hisia za nyayo, mtu anaweza kupata malengelenge asijue. Jioni mkirudi, mwangalieni nyayo zote mbili chini ya taa, na mkiona jeraha lolote, hata dogo, mpelekeni akaonwe kesho yake.